Jalada Huita, Yaliyomo Hupokea

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga nawaheshimu sana, lakini nadhani hawakuwahi kuuza magazeti. Hebu pita asubuhi penye meza yoyote ya magazeti karibu na kituo cha basi. Utakuta watu 10 wamesimama, mikono nyuma, shingo zimenyooka, wanasoma vichwa vya habari bure kisha wanaondoka zao kazini. Muuzaji anawatazama tu, amezoea. Akinunua mmoja kati ya hao, jalada limefanya kazi yake. Na wale 9? Huenda kizuri walichokuwa wanakitafuta kilikuwemo humo humo, ukurasa wa 14, kimetulia. Hakikujiuza kwa sababu hakikuonekana.

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya sura ya gazeti: kava lake, na ule ukurasa wa Yaliyomo ambao wengi huuruka kama mtu anavyoruka dimbwi. Nitachukua mifano ya magazeti ya muziki ya Marekani na Uingereza, maana hayo ndiyo yaliyohangaika na jambo hili kuliko mengine. Sababu iko wazi. Gazeti la mpira linakupa matokeo na la siasa linakupa hotuba, lakini la muziki linauza sauti kwenye karatasi, na karatasi haina sauti. Inabidi macho yafanye kazi ya masikio. Msanifu wa kurasa anakuwa kama mpiga ngoma, akikosea mapigo hakuna anayeinuka kitini.

Hoja yangu ni hii. Jalada huzungumza na mpita njia, na Yaliyomo huzungumza na mtu aliyekwisha kulipa. La kwanza linabisha hodi, la pili linakaribisha. Basi ukitaka kujua gazeti linamheshimu msomaji wake kiasi gani, usihangaike sana na kava. Fungua Yaliyomo.

UKURASA MMOJA, KAZI MBILI

Tuanze San Francisco, mwaka 1967. Kijana wa miaka 21, Jann Wenner, pamoja na mwandishi mzee wa habari za jazz aitwaye Ralph Gleason, walianzisha gazeti wakaliita Rolling Stone. Mtaji ulikuwa dola 7,500, tena za kukopa kwa jamaa na marafiki. Toleo la kwanza lina tarehe ya 9 Novemba 1967. Mbele kuna picha ya John Lennon amevaa kofia ya chuma ya askari, picha ya matangazo ya filamu aliyoigiza, How I Won the War. Jina la gazeti lilichorwa na Rick Griffin, fundi wa mabango ya muziki wa mji huo, na inasimuliwa kwamba alikuwa bado hajamaliza kulichora vizuri lilipochukuliwa na kupelekwa kiwandani.

Mimi linalonivutia zaidi ni jambo dogo. Gazeti lile lilichapwa kwenye karatasi ya kawaida ya magazeti, na ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha, ulikuwa na habari yenyewe, na pembeni ulikuwa na kisanduku cha yaliyomo katika toleo hilo. Yaani mlango na baraza vilikuwa chumba kimoja! Msomaji aliyesimama mezani aliona Lennon, akaona pia habari nzito iliyouliza fedha za tamasha la Monterey zilikwenda wapi, halafu akaona kabisa kwamba ndani kuna mahojiano na Donovan na habari za Grateful Dead. Hakudanganywa kwa sura nzuri, kwa sababu orodha ya vyakula ilibandikwa mlangoni.

Je, lilinunuliwa? Katika nakala 40,000 hivi zilizochapwa, kiasi cha 34,000 zilirudi. Tukumbuke hilo tunapolia kwamba gazeti letu dogo halikuuzika. Lakini waliendelea, na kadiri walivyokua, kava likajitenga na habari. Mwaka 1973 wakaanza kuchapa kwa rangi kamili. Kava likawa picha, na picha ikawa heshima. Mwanamuziki akiwekwa pale, watu walijua sasa amefika.

Hapo ndipo kuchagua picha kulipogeuka kuwa mamlaka. Atakaa nani pale mbele? Mwanamume au mwanamke? Mweupe au mweusi? Toleo la pili kabisa la Rolling Stone lilimweka Tina Turner, na hiyo ni sifa yao. Lakini kila aliyewekwa alikuwa na mamia nyuma yake ambao hawakuwekwa, na msomaji aliyeko mbali akadhani hao hawapo duniani.

KAVA LISILOSEMA KITU

Tarehe 8 Desemba 1980 mpiga picha Annie Leibovitz alikwenda nyumbani kwa Lennon, New York, kumpiga picha kwa ajili ya Rolling Stone. Wakubwa wa gazeti walimtaka Lennon peke yake. Lennon alikataa, akasema lazima awe na mkewe, Yoko Ono. Ikapigwa ile picha inayojulikana duniani kote: Lennon yuko uchi, amejikunja kama mtoto, amemkumbatia mkewe aliyevaa nguo nyeusi. Usiku huo huo Lennon akapigwa risasi mlangoni kwake, akafa.

Sasa fikiria wewe ndiye mhariri. Habari ni kubwa kuliko zote ulizowahi kuandika. Ungeweka maneno gani? Wahariri wengi wangejaza kava kwa herufi nyekundu mpaka pumzi zikatike. Toleo la 22 Januari 1981 lilitoka na jina la gazeti na picha, basi. Hakuna kichwa cha habari hata kimoja. Mwaka 2005 chama cha wahariri wa magazeti cha Marekani kililichagua kuwa kava bora la miaka 40 iliyopita.

Kuna watu husema usanifu ni kupamba. Huu ni ushahidi kwamba usanifu mara nyingine ni kunyamaza. Aliyeamua kutoandika aliamua jambo kubwa kuliko aliyeandika, kwa sababu alimwamini msomaji kwamba anajua, na kwamba ana machozi yake mwenyewe.

NENO LILILOBOMOLEWA

Twende Uingereza. Huko magazeti ya muziki yalitoka kila wiki, karatasi nyepesi, wino unaobaki vidoleni. NME ndilo lililochapisha chati ya kwanza ya rekodi za nchi ile mwezi Novemba 1952, na mhariri wake katika miaka ya 70 alikuwa Nick Logan. Huyu Logan mwaka 1978 alianzisha Smash Hits, gazeti la rangi la kuchapisha maneno ya nyimbo kwa ajili ya vijana wadogo. Kisha mwaka 1980, kwa akiba yake mwenyewe, akaanzisha The Face. Toleo la kwanza, la Mei 1980, lilikuwa na Jerry Dammers wa bendi ya The Specials. Logan alitaka gazeti la muziki lenye karatasi nzuri na picha nzuri, maana alichoka kuona picha za wanamuziki zikigeuka masizi kwenye karatasi duni.

Mwaka 1981 akaja kijana wa miaka 24, Neville Brody. Alisomea ufundi wa uchapaji London, na chuoni karibu afukuzwe kwa sababu katika kazi moja ya kubuni stempu alikilaza kichwa cha Malkia ubavu. Baadaye alikuwa akichora makava ya santuri. Huyu ndiye aliyefanya jambo ambalo kwangu ni kisa kizuri kuliko vyote katika historia ya ukurasa wa Yaliyomo.

Mwaka 1984 Brody alianza kulibomoa neno “Yaliyomo”, kwa Kiingereza chao, juu ya ukurasa wenyewe. Toleo moja likatoka na neno zima. Toleo lililofuata herufi zimekatwa kidogo. Toleo jingine zimekatwa zaidi, zimelaliana. Likatoka jingine, na jingine tena, mpaka mwisho pale juu yakabaki maumbo tu, mistari na vipande ambavyo mgeni asingeweza kuvisoma hata angewekewa taa. Herufi hizo alizichora kwa mkono wake, kompyuta hakuwa ameanza kuitumia.

Sasa ajabu ni nini? Wasomaji hawakupotea. Waliendelea kufungua gazeti na kujua kabisa, hapa ni Yaliyomo. Walijuaje? Kwa mahali pake. Kwa nambari zilizopangika. Kwa mazoea ya mwezi hadi mwezi. Brody alikuwa anauliza swali la kweli: msomaji anasoma neno, au anasoma mahali neno lilipo? Ni kama nyumba ya rafiki yako. Mara ya kwanza unasoma nambari mlangoni. Mara ya 20 unaingia huku unaongea, nambari huioni tena.

Lakini tusisahau kitu kimoja, na hapa ndipo waigaji wengi walipoanguka. Brody alilibomoa lile neno tu. Nambari za kurasa hakuzibomoa, wala mpangilio wa makala uliomwezesha mtu kupata anachokitaka. Aliweza kucheza na kichwa cha ukurasa kwa sababu miguu yake ilisimama imara. Usione vyaelea, vimeundwa.

Waigaji hawakuliona hilo. Katikati ya miaka ya 80 herufi za namna ya Brody zilienea Uingereza nzima, kwenye matangazo, kwenye madirisha ya maduka, kila mahali. Alichokibuni kwa ajili ya kusema jambo kikawa nguo ya kila mtu. Naye alifanyaje? Mwaka 1986 Logan alipoanzisha gazeti jingine, Arena, Brody aliachana na manjonjo akatumia Helvetica, herufi za kawaida kabisa, zile zinazoonekana kwenye vibao vya ofisi na stesheni. Wenzake wakibaki wanapiga kelele, yeye alishusha sauti. Mwaka 1988 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, likafanya maonyesho ya kazi zake, naye ana miaka 31 tu.

JINA LANGU LIKO WAPI?

Pengine kuna msomaji anasema moyoni, huyu bwana anatusumbua na London, sisi inatuhusu nini? Ngoja.

Hadithi yangu ya kwanza kuchapishwa ilitoka katika gazeti moja ambalo jina lake nalihifadhi. Nilipeleka nakala nyumbani. Mama alivaa miwani, akafungua ukurasa wa Yaliyomo, akashuka na kidole mstari kwa mstari. Kulikuwa na Neno la Mhariri, na jina la mhariri. Kulikuwa na salamu za wafadhili, na majina ya wafadhili. Halafu: “Hadithi fupi, uk. 22.” Basi. Mama akainua uso, akaniuliza, “Mwanangu, mbona hapa sikuoni?” Ikabidi nimfunulie ukurasa wa 22, na huko jina lilikuwepo, chini kabisa, herufi za kutafuta kwa sindano.

Mhariri yule hakuwa mtu mbaya. Nafasi ilikuwa ndogo. Wanaojua uchapaji wanajua kwamba karatasi ikikunjwa na kupigwa pini katikati, kurasa huenda kwa nne nne: 16, 20, 24. Huwezi kuongeza ukurasa mmoja tu kwa sababu una huruma. Yaliyomo yakichukua ukurasa mzima, kuna shairi la mtu litatolewa. Lakini kubana nafasi nako ni kuchagua. Mfadhili alipata mstari wake na jina lake. Mwandishi alipata nambari.

Ndiyo maana nasema ukurasa huu ni mahali pa haki. Ukiutazama vizuri utaona gazeti linaamini nani ni mtu. Magazeti ya muziki yalilijua hilo mapema, maana jina la mwandishi lilikuwa bidhaa. Wasomaji wa NME walinunua kwa ajili ya kalamu fulani kama walivyonunua kwa ajili ya bendi.

MSANIFU ALIPOMZIDI MWANDISHI

Sasa turudi Marekani, maana dhuluma inaweza kutokea upande mwingine pia. Mwaka 1992 huko California likaanza gazeti la muziki liitwalo Ray Gun, na msanifu wake mpaka mwaka 1995 alikuwa David Carson, mtu aliyewahi kuwa mwalimu na pia bingwa wa kuteleza juu ya mawimbi ya bahari. Carson aliruka mipaka yote. Mistari ilipandana, safu zikagongana, maneno yakakatika katikati na kumalizikia pengine. Vijana walilipenda kufa. Walisema kurasa zile zilifanana na muziki wenyewe, magitaa yenye mikwaruzo na sauti zilizozama. Na ni kweli, macho yalifanya kazi ya masikio.

Mwaka 1994 yakaja mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry. Carson aliyasoma akaona yanachosha. Akafanyaje? Akayapanga yote kwa Zapf Dingbats, ambayo si herufi bali ni alama: nyota, mishale, mikono, visanduku. Makala nzima haikusomeka hata neno moja! Ikabidi maneno yenyewe yachapishwe tena nyuma ya toleo hilo hilo kwa herufi za kawaida.

Hapa mimi na marafiki zangu tumebishana sana. Wengine wanasema Carson alikuwa shujaa, alisema ukweli kuhusu makala mbovu. Mimi nasema alikuwa na kipaji kikubwa, na siku ile alikitumia kumfunga mtu mdomo. Kama makala inachosha, mrudishie mwandishi, mwambie, ndugu, hii bado. Kuichapa isisomeke ni kumcheka mbele ya watu waliolipa. Brody alibomoa neno moja ambalo kila msomaji alilijua kwa moyo. Carson alifunika maneno ambayo hakuna msomaji aliyekuwa ameyaona bado. Tofauti iko hapo. Na Brody mwenyewe ndiye aliyesema kwamba kazi ya Carson ni mwisho wa uchapaji, maneno ambayo Carson aliyageuza kuwa jina la kitabu chake mwaka 1995.

MANENO MATATU

Nisiishie kwenye herufi, watu wakadhani haya ni mambo ya mafundi tu. Mwaka 1993 Quincy Jones alianzisha gazeti la Vibe, na wanamuziki weusi wa hip hop wakapata kava kubwa, karatasi ya kung'aa, picha zilizopigwa kwa heshima kama wafalme. Lilikuwa jambo jema, lililochelewa. Lakini toleo la Septemba 1996 liliwaweka Biggie na Puffy mbele, na maneno yenye maana ya Mashariki dhidi ya Magharibi. Kwa Kiingereza ni maneno matatu tu. Ndani kulikuwa na mahojiano marefu, yenye watu wanaoeleza, wanaokana, wanaofafanua. Tarehe 13 mwezi huo huo Tupac alikufa kwa majeraha ya risasi, na tarehe 9 Machi 1997 Biggie naye akauawa.

Sisemi kava liliua mtu. Waliovuta bunduki walikuwa na mikono yao. Ninachosema ni kwamba mahojiano marefu yalisomwa na walionunua, lakini yale maneno matatu yalisomwa na kila aliyepita. Hata huku kwetu, vijana ambao hawakuwahi kushika nakala ya Vibe walijigawa, huyu wa Mashariki, yule wa Magharibi, na picha ya Tupac ikachorwa kwenye daladala na matatu mpaka leo ukitafuta utaiona. Ugomvi ulisafiri bila maelezo yake. Kava lina miguu, makala haina.

KWETU SISI TUNAOANZA

Magazeti mengi niliyoyataja yalikufa au yalibadilika. Ray Gun lilikoma mwaka 2000. The Face lilifungwa mwaka 2004, likafufuliwa mwaka 2019. Smash Hits lilikoma mwaka 2006, na NME likaacha kutoka kwenye karatasi kila wiki mwaka 2018. Simu imekula meza ya magazeti. Lakini vijana bado tunatoa vijarida, wengine kwa fotokopi na pini mbili, na kila mara naona jambo lile lile: fedha zote na ubishi wote vinaishia kwenye kava. Yaliyomo hupangwa saa ya mwisho, mchapaji akiwa amesimama mlangoni.

Ningependa tufanye kinyume. Tuanze na Yaliyomo. Tuandike jina la kila mwandishi kwa ukubwa ule ule wa jina la kazi yake. Tuhakikishe nambari ni za kweli, kwa sababu msomaji anayetumwa ukurasa wa 9 akakuta tangazo, hatatuamini tena. Tukishamaliza hapo, tutajua wenyewe ni jambo gani moja linastahili kwenda mbele, na tuliweke peke yake bila kulizungushia makelele. Kama toleo halina jambo hata moja la kwenda mbele, basi tatizo si kava, na hakuna msanifu wa kulitibu. Turudi mezani tukaandike.